Kujuana kwenye biashara ndogo: niliyojifunza nikiuza siagi ya karanga Dodoma

#1 Mleta uzi, Dodoma

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa zangu humu.

Nimesoma nyuzi nyingi za biashara, na karibu kila moja inafika mahali mtu anaandika "bila koneksheni hutoboi". Neno hilo limewavunja moyo watu wengi ninaowafahamu. Mimi mwenyewe lilinikalisha nyumbani mwaka mzima, maana niliamini koneksheni ni kumjua mkurugenzi, mbunge au mtu wa ofisi fulani. Leo tuko watu wanne kwenye kazi yangu, na nikihesabu nani alinishika mkono hadi hapa, hakuna kigogo hata mmoja. Yupo muuza asali, yupo fundi wa mashine, yupo karani wa ofisi ya vifurushi stendi, na yupo mama mmoja wa Kibaigwa anayekusanya karanga kwa wakulima.

Nilianza 2019 na blenda ya nyumbani, nikiuza kwa majirani na kazini kwa dada yangu. Mwaka uliofuata nikaenda kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni. Nilikuwa nimechapisha kadi za biashara 200, na hadi tarehe 8 Agosti zilikuwa zimeisha. Nilimpa kila aliyepita mbele ya meza yangu, hata waliokuwa wanatafuta njia ya kwenda kwenye mabanda ya mifugo. Nikarudi nyumbani nikasubiri simu. Haikuita hata mara moja.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena, safari hii bila kadi, kwa sababu hela ya kuchapa sikuwa nayo. Meza ya jirani yangu ilikuwa ya mama anayeuza asali ya Manyoni. Siku nane mnakaa bega kwa bega: akienda kuswali namuuzia, nikienda kula ananiuzia, chenji tunaazimana. Siku ya tatu akalishika kopo langu akaniuliza nanunua wapi na kwa bei gani. Nilipomtajia bei akasikitika, maana kopo lile lile yeye alikuwa analipata Dar kwa bei ya jumla, ila muuzaji hatoi chini ya idadi fulani na yeye peke yake hafiki. Tukaunganisha oda. Baadaye akaingia kijana wa pilipili ya kusaga, tukawa watatu. Gharama yangu ya kopo ilishuka karibu theluthi moja. Kwenye biashara yangu kopo na lebo ndivyo vinavyokula faida kuliko hata karanga zenyewe, kwa hiyo hiyo theluthi ndiyo iliyoniwezesha kununua mashine.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama watu kwa jicho jingine. Nikanunua daftari. Kila ninayezungumza naye kwa zaidi ya dakika tano namwandika usiku: jina, simu, anafanya nini, tulikutana wapi, na analalamikia nini. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Mtu akikuambia "nahangaika kupata ufuta safi" au "fundi wangu wa lebo ananichelewesha", amekuonyesha mlango. Ndani ya siku tatu nampigia, hata kama sina jibu, namwambia tu nilifurahi kuongea naye na lile suala lake bado naliulizia. Mkikaa mwezi bila kupigiana, mkija kuonana mnaanza upya.

Nitoe mfano. Mama wa Singida alilalamikia ufuta wenye mchanga. Miezi miwili baadaye nikakutana na kijana anayepepeta ufuta kwa mashine. Nikawaunganisha, nikaendelea na shughuli zangu, sikudai kamisheni. Mwaka haujaisha yule mama akanipigia: shule binafsi anayoiuzia mafuta ya alizeti inatafuta mtu wa siagi ya karanga kwa kifungua kinywa cha watoto, na yeye ameshataja jina langu. Ile shule ndiyo oda yangu kubwa mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, ndiyo maana hasa nimeandika. Anayefanya kazi ya karanga anajua sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Mkoa wetu wa Dodoma na wenzetu wa Manyara tulipoteza watu mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumukuvu, na karanga ni zao lingine linaloshambuliwa sana. Zikianikwa chini kwenye udongo, au zikifungwa kwenye gunia kabla hazijakauka, ukungu unaingia. Ukikaanga, sumu haiishi. Dawa ni kununua zilizokauka vizuri na kuzichambua kwa mkono, unatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika. Msimu mmoja niliahidiwa gunia kumi kwa bei ya chini sana, na hela nilikuwa nimeshaitenga. Yule mama wa Kibaigwa akanipigia saa mbili usiku: "Mwanangu, huo mzigo ulilowa kwenye gari, mimi nimeukataa mchana, usiuchukue." Hana hisa kwangu, hana undugu na mimi. Nilichowahi kumfanyia ni kumlipa kwa siku niliyoahidi, kila mara, na kumpigia simu alipofiwa. Ningeuchukua ule mzigo ningelisha sumu watoto wa watu. Sasa mtu akisema kujuana ni kupeana tenda tu, mimi namkumbuka huyu mama.

La mwisho ni mali kauli. Kuna mwenye duka, simtaji, alichukua katoni tatu akasema atalipa zikiisha. Ziliisha, na simu yake nayo ikawa haipokelewi. Nilipowauliza wenzangu wa kwenye oda ya makopo nikakuta wote wawili wameshapita mikononi mwake. Tulikuwa hatuambiani kwa sababu kila mmoja aliona aibu. Siku hizi kabla sijapeleka mzigo kwa mtu mgeni naulizia kwanza, na wao wananiulizia.

Karibuni tujadili. Ninyi watu waliowasaidia mliwapata wapi?

#2 Mchangiaji, Mbeya

Dada hongera, ila mimi naona umebahatika. Nina kahawa ya kusaga, nzuri, kila anayekunywa anaisifia. Nimeenda kwenye semina tatu za wajasiriamali. Ukifika unakuta wanaopewa nafasi ya kuongea ni wale wale, wanaopiga picha na mgeni rasmi ni wale wale. Mimi mtoto wa mkulima wa Mbozi nitamjua nani? Huu mji bila kusukumwa na mtu hufiki.

#3 Mleta uzi, Dodoma

Mkuu, machungu yako nayaelewa, na sitasema upendeleo haupo. Upo, nimeuona kwa macho yangu. Lakini naomba nikuulize kitu kimoja. Kwenye hizo semina tatu, waliokaa nyuma kama wewe walikuwa wangapi? Ulirudi na namba za wangapi? Mimi mgeni rasmi sijawahi kumsogelea. Nawatafuta wanaokaa nyuma, kwa sababu wao ndio wanaonunua vifungashio ninavyonunua na wanaopanda basi ninalopanda. Mgeni rasmi akikupa kadi yake, simu anapokea msaidizi. Mwenye kiwanda kidogo cha unga akikupa namba, anapokea mwenyewe huku mashine inanguruma.

#4 Mchangiaji, Keko, Dar es Salaam

Naunga mkono hoja. Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Watu wakipita wanaona mafundi tumepangana barabara nzima wanasema tunanyang'anyana wateja. Kuna ukweli, lakini wasichokiona ni jinsi mzigo unavyozunguka. Mimi nikipata oda ya vitanda ishirini vya hosteli siwezi peke yangu kwa wiki mbili. Nitampa jirani kumi, mwingine ananikatia mbao kwa mashine yake, mwingine kazi yake ni kupiga msasa na vanishi tu. Kesho yeye akizidiwa ananipa. Fundi anayejulikana kwa kuficha oda akaiharibu kwa kuchelewa, hata kubadilishana randa hatubadilishani naye.

Ila niongeze kitu ambacho mleta uzi hakukigusa. Ukimpa mwenzako kazi, jina linaloharibika ni lako. Nilimpa kijana oda ya kabati akaweka mbao mbichi, baada ya miezi miwili milango ikapinda. Mteja alinifuata mimi. Nilitengeneza upya kwa hela yangu. Kwa hiyo kabla hujamtaja mtu kwa mteja, nenda kaione kazi yake kwa macho, usiende kwa sifa.

#5 Mleta uzi, Dodoma

Fundi, hapo umenifundisha. Ni kweli, mimi yule kijana wa ufuta nilikuwa nimeushika ufuta wake mkononi kabla sijamtaja, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa ndiyo sehemu muhimu. Nitaiandika kwenye daftari: nimeona kazi yake au sijaiona.

#6 Mchangiaji, Arusha

Mimi tatizo langu ni ukimya. Kuongea na mtu nisiyemjua naona kama namwomba msaada. Mnaanzaje?

#7 Mchangiaji, Morogoro

Mkimya mwenzangu, nilianza kwa kununua. Kwenye maonesho nanunua kitu kidogo kwenye meza ya mtu, halafu namuuliza swali la kazi: hii lebo haitoki ikilowa, mlichapa wapi? Mtu anapenda kuulizwa kuhusu kazi yake. Hapo huombi, unajifunza, na yeye anafurahi. Nikishaongea na watu watatu kwa siku narudi kwenye meza yangu, sijilazimishi zaidi ya hapo. Watatu kwa siku nane ni 24, na hao 24 nawakumbuka mmoja mmoja.

#8 Mchangiaji, Dar es Salaam

Niseme kutoka upande wa pili wa kaunta. Nina duka la vyakula, si kubwa, na kila wiki wanakuja wajasiriamali watano sita kutaka niwawekee bidhaa. Wengi nawakatalia, na wanaondoka wakiamini nimewanyima kwa sababu hawana mtu ndani. Naomba niwaambie ninachokitazama.

Usije Jumamosi jioni duka limejaa. Njoo Jumanne au Jumatano asubuhi. Njoo na kopo moja unaniachia nikaonje nyumbani, pamoja na karatasi yenye bei ya jumla, bei ya rejareja na muda wa kuharibika. Alama ya TBS, shirika la viwango, nitaiuliza, kwa sababu mkaguzi akija ananikuta mimi. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yako TBS, na mjasiriamali mdogo anaweza kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapewa barua ya utambulisho inayompunguzia gharama. Mtu aliyepita njia hiyo naona anajua anakokwenda. Nikiuza kwa mashine, nahitaji na bakodi, zile za kwetu zinaanza na 620.

Lakini kinachoniamulia kabisa ni wiki ya pili. Kuna binti ananiletea tambi za dengu. Kila Alhamisi anapita, anapanga pakiti zake mbele, anatoa zinazokaribia kuisha muda kabla mimi sijaziona, anasalimia vijana wangu kwa majina. Vijana wangu ndio wanaoulizwa na wateja "ipi nzuri?" Mnadhani wanamtaja nani? Nimempeleka mwenyewe kwa wenzangu wawili wenye maduka Tabata na Kinyerezi, na hakuwahi kuniomba.

#9 Mchangiaji, Mbeya

Mwenye duka asante. Mimi niliwahi kuacha mzigo duka moja nikarudi baada ya miezi miwili kudai hela tu. Nikakuta pakiti zangu chini kabisa, zina vumbi. Niliondoka na hasira. Nikisoma hapa naona sikumpa hata sababu ya kunikumbuka.

#10 Mchangiaji, Mombasa

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Mimi ni muuza achari na viungo hapa Mombasa, karibu na Marikiti. Kwetu sisi kina mama tunakutania kwenye chama. Twachanga kila mwezi, lakini kwa kweli pesa ni kisingizio. Faida ipo kwenye yale masaa mawili ya chai. Mmoja ataja mteja wa harusi anayetaka samosa 1,000, mwingine asema landilodi fulani aongeza kodi tusipange kwake.

Kwa wale mnaotaka kuvuka mpaka: dadangu, siagi yako yaweza kufika huku. Mimi napeleka achari Tanga kupitia Lunga Lunga na Horohoro. Mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa una cheti rahisi cha asili ya bidhaa, hujazwa pale pale mpakani. Mimi sikusoma popote, niliambiwa na mama wa vitenge niliyekaa naye kwenye matatu. Ila kwa karanga jiandae, mambo ya sumukuvu huku ni moto tangu ile Machi 2021 serikali yetu ilipozuia mahindi yenu. Majibu ya maabara yawe mkononi.

#11 Mleta uzi, Dodoma

Dada wa Mombasa nashukuru mno. Hilo la cheti nilidhani ni la wenye malori. Nitaanza na maabara kwanza, maana bila majibu siwezi kumwangalia mtu usoni nikamwambia ale.

#12 Mchangiaji, Mwanza

Swali kwa wote. Magrupu ya WhatsApp yanasaidia? Niko kwenye magrupu 14 ya wajasiriamali, kila mtu anatupia matangazo na hakuna anayenunua.

#13 Mleta uzi, Dodoma

Mkuu, mimi nilitoka kwenye karibu yote. Lililobaki lina watu tisa. Tulikubaliana mambo mawili tu: hakuna tangazo la bidhaa, na anayeuliza swali ajibiwe siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni "sijui, ngoja niulize". Humo tunapeana habari za bei ya karanga, gari linalorudi Dodoma likiwa tupu, na mwenye duka anayezungusha malipo. Lingekuwa na watu 200 nani angethubutu kuandika hilo la mwisho?

Na wenye nia ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu iliyorudi 2024, kumbukeni kwa kawaida inatoka kwa vikundi. Nimeona vikundi vilivyoundwa wiki moja kabla ya kujaza fomu, watu hawajuani tabia. Mmoja akihama mji, wanaobaki wanalipa deni lake. Kaeni kwanza kwenye oda moja ya makopo mwaka mzima. Mtaona nani anachelewesha mchango na nani anadanganya hesabu, kabla deni halijaingia.

#14 Mchangiaji, Dodoma

Kuna gharama hamjaisema. Mimi nilijituma kusaidia kila mtu, nikawa kituo cha taarifa. Simu kutwa nzima, "niunganishe na fulani", na kazi yangu ikalala. Wengine hata asante hakuna.

#15 Mleta uzi, Dodoma

Ni kweli kabisa, na imenitokea. Siku hizi mtu nisiyemjua akitaka namba ya mtu wangu, simpi. Nampigia kwanza mtu wangu, namweleza, akikubali ndipo natoa. Hapo wengi wanaosumbua wanakata tamaa wenyewe, na wangu wanajua siwauzi. Simu za kuunganisha nazifanya Ijumaa mchana tu, baada ya kufunga mahesabu ya wiki.

#16 Mchangiaji, Mbeya

Nimerudi, ni wiki ya pili tangu niandike hapa. Nilichukua simu nikatafuta namba za wale wa semina. Nilikuwa nazo nne tu. Wawili hawakupokea. Wa tatu anafuga nyuki Chunya, tumeongea nusu saa. Wa nne ni dada wa Tukuyu anayekausha chai na tangawizi, na ana shida ile ile ya vifungashio, ananunua pakiti moja moja kwa bei ya kuumiza. Jumamosi nimeshuka Tukuyu na kilo mbili za kahawa, nikaona anavyokausha, pasafi sana. Tumehesabu mahitaji yetu wawili kwa miezi mitatu, bado hatufikii oda ya chini. Dada wa Dodoma, mnachukua na mifuko ya kusimama yenye zipu, ya gramu 250, au makopo tu?

#17 Mleta uzi, Dodoma

Makopo na mifuko yote, kijana wa pilipili anatumia hiyo hiyo ya 250. Nimempigia sasa hivi, anasema akiongeza ya kwenu oda inatimia bila shida, na mzigo wenu utapakiwa Dar kwenda Mbeya moja kwa moja, usipite huku. Oda tunafunga Ijumaa saa sita. Nitumie idadi kwenye ujumbe binafsi, na picha ya mfuko mnaotumia sasa, tuone unene wake kama unafaa kahawa.

#18 Mchangiaji, Dar es Salaam (mwenye duka)

Mbeya, na hiyo kahawa niletee pakiti moja nionje. Jumanne asubuhi.